Mkono Uliokataa Kunyooka

Walikale, Jumatatu, mvua inanyesha

Papa yangu mpendwa,

Nawasalimu wewe na Mama na kila mtu anayeota moto jikoni mwenu huko Nyabiondo. Mmeamkaje? Kile kikohozi chako kimetulia? Maharagwe yamechanua, ama mvua ya mawe imeyapiga tena? Sisi huku tuko. Mke wangu Faida hajambo, na mtoto mchanga anaota meno na kulia kutwa nzima. Mimi mwenyewe ni mzima isipokuwa jambo moja, na jambo hilo ndilo barua hii. Usianze kuogopa. Ninaandika kwa mkono wangu, kwa hiyo sijafa. Mwalimu anayekusomea namwomba asicheke herufi zangu, najua zimekaa kama kuku aliyepita kwenye unga. Sababu yake nitaisema.

Barua yako ilinifikia wiki iliyopita. Niliisoma kwa furaha mpaka nilipofika kwa binti yangu Furaha, ambaye mnatulelea hapo nyumbani. Unasema ameanza kushika kijiko kwa mkono wa kushoto, na kwamba unamfunga kamba wakati wa kula, kama ulivyonifanyia mimi, ili anyooke mapema. Hapo nilikunja barua nikaiweka mfukoni. Sikuweza kumaliza. Nitakujibu, Papa, lakini kwanza nikueleze yaliyonipata barabarani.

Unajua kwamba dispansari yetu ilinipa pikipiki ya kupelekea dawa vijijini, na kumbeba mkunga akiitwa mbali. Uliniuliza kama siiogopi. Nilikujibu hapana. Nilikudanganya. Ninaiogopa tangu siku ya kwanza. Msitu wa huku si kama vilima vyetu, ambako mtu anaona nani anapanda na nani anashuka. Hapa barabara inapita gizani kati ya miti, tope linafika magotini, na unaposikia lori tayari liko mgongoni mwako. Na tangu zile fujo za watu wenye bunduki, madereva hawasimami porini. Wakiona mti umelala kando ya njia, wanadhani kuna watu wamejificha, basi wanakanyaga mafuta. Wao wanatuogopa sisi, sisi tunawaogopa wao.

Aliyenifundisha kuendesha ni fundi wa magari, Papa Anatole, mtu mwenye kelele nyingi. Alinisimamisha katikati ya uwanja akaniambia: "Sikia, Bauma. Mukono ya kuume iko inashika mafuta, haitoke pale ata kidogo. Ile ya kushoto njo itasema. Ukikata kushoto, unainyoosha. Ukikata kuume, unaikunja na kuelekeza juu. Ukitaka kusimama, unaishusha. Muntu wa nyuma hajue mawazo yako!"

Ni rahisi, si ndiyo? Mtoto angeweza. Pale uwanjani, mbele ya mbuzi wawili, nilifanya vizuri. Lakini nilipoingia barabarani nikakuta wazee wanakuja, mkono ulikataa. Papa, sisemi kwamba nilisahau. Nilikumbuka. Niliuambia utoke, ukajificha kifuani. Mimi mtoto wako nimnyooshee mzee mkono wa kushoto mbele ya uso wake? Ule mkono ambao hatumpi mtu kitu kwa huo, hatupokei kwa huo, hatusalimu kwa huo? Nilisikia kabisa sauti yako ikiniambia, "Rudisha!" Nikarudisha.

Basi nikaanza kuishi kwa ujanja. Nikikaribia njia panda nilipunguza mwendo nikangoja barabara iwe tupu. Watu wakiwepo, nilishuka nikasukuma pikipiki kama ng'ombe mgonjwa. Na mara nyingine, mahali pa tambarare, niliachia mafuta kidogo nikapitisha mkono wa kuume mbele ya kifua ili uoneshe kushoto. Ninaona aibu kuandika hivyo. Niliendesha miezi minne namna hiyo na hakuna aliyejua, hata Faida.

Alhamisi iliyopita, asubuhi, tuliitwa kwa mwanamke aliyekuwa na uchungu tangu siku mbili. Nilimpakia Mama Sifa, mkunga wetu, na sanduku lake magotini. Ni mama wa miaka ya Mama yetu, mnene, anasali kwa sauti njia nzima. Kijiji chenyewe kiko upande wa kushoto wa barabara, kwenye mpando wa kilima. Nilipokaribia nikasikia lori nyuma yetu, limebeba mbao, linanguruma. Nikatazama mbele: pale tunapokata, wazee wa kijiji walikuwa wamesimama mstari mmoja, watano ao sita, wametoka kutupokea kwa heshima. Wa kati alikuwa mzee mwenye fimbo na kofia ya manyoya, na alinitazama mimi moja kwa moja.

Mama Sifa akapiga kelele: "Bauma, lori! Onesha mukono!"

Niliogopa, Papa. Sijawahi kuogopa namna ile. Niliuambia mkono wa kushoto utoke, ukang'ang'ania usukani. Nikafanya upumbavu wangu wa siku zote: niliachia mafuta nikavusha mkono wa kuume mbele ya kifua. Kwenye mpando, na watu wawili, na tope! Injini ikazima palepale. Pikipiki ikayumba kushoto, katikati ya njia, na dereva alikuwa ameshatoka kutupita upande uleule. Niliona taa zake zikiwa karibu kuliko mlango wa nyumba hii ninamoandikia. Niliona uso wake, mdomo wazi. Nikamfikiria Furaha. Kisha tukaangukia mtaroni na mbao zikapita juu ya vichwa vyetu zikikwaruza majani.

Halafu nikasikia Mama Sifa anasali. Sijawahi kupenda sala zake kama siku ile.

Dereva alisimama, ndani ya msitu, yeye ambaye hasimami. Alishuka akaacha mlango wazi. "Weye, unatakaka kufa? Unakata njia bila kunionesha? Mi niko na batoto!" Kisha akakaa chini kwenye tope akashika kichwa.

Wazee wakashuka mbio. Yule wa fimbo, ambaye kwa heshima yake nilikuwa karibu kumuua mama wa watu, aliinama akaniuliza kwa nini sikuonesha. Nikamwambia ukweli, kwa sababu sikuwa na nguvu ya kutunga uongo: ningewanyooshea mkono wa kushoto. Alinitazama sana. Kisha akasema: "Mutoto wangu, ungetuonesha ata muguu! Heshima gani ile ya kutuletea maiti?" Wenzake wakacheka, nami nikalia mbele yao wote.

Mama Sifa alichubuka goti na kupoteza kiatu kimoja. Hakungoja pole. Alichukua sanduku lake, akapanda kijijini akichechemea, na mchana ule mwanamke akajifungua salama. Lakini mimi ninajua kilichokuwa karibu kutokea. Watu watatu wangekufa siku moja, mimi, Mama Sifa na mwanamke yule, pamoja na mtoto tumboni, kwa sababu ya mkono wangu.

Jioni, akinifunga bendeji, Mama Sifa aliniuliza: "Ile mukono yako ya kushoto iko na ugonjwa?" Nikamwambia hapana, ni mzima kabisa, ulizaliwa na nguvu kuliko mwenzake. Nikamweleza jinsi wewe, Papa, ulivyoufunga kwa kamba ya mgomba kiunoni kila saa ya chakula, miaka miwili, mpaka mkono ukajifunza kutulia. Sikumficha kwamba siku nyingine Mama alinilegezea kamba ukiwa shambani. Usimgombeze, Papa, ni mambo ya zamani.

Sikulaumu. Ulitaka watu wasinicheke, na kweli hawakunicheka. Nimekula kwa adabu mezani kwa wakubwa, na wamekusifu wewe. Lakini kamba iliondoka kiunoni ikabaki mahali pengine. Bado ninaogopa. Pikipiki imetengenezwa, iko chini ya paa la dispansari, na mimi ninazunguka nyuma ya jengo nisiione. Mkubwa wa kazi amesema mwezi ujao nitapanda tena, hakuna mwingine anayeijua. Kila asubuhi ninatembea kwa miguu mpaka sokoni nikijizoeza: ninanyoosha, ninakunja, ninashusha. Wanawake wa sokoni wanasema muganga wa dispansari amepata wazimu. Wacha waseme. Mkono unatoka sasa, lakini nikiona mvi kichwani mwa mtu bado unataka kurudi.

Nisalimie Mama, umwambie nimekula. Msalimie dada yangu mkubwa na mume wake, na shangazi anayekamua ng'ombe wa jirani, na padri aliyenibatiza kama bado anapita kwenu. Aliyekuletea barua hii ni yule dereva wa mbao. Ndiyo, yeye mwenyewe. Tumekuwa ndugu. Mpe ugali na sombe, na umwache akae karibu na moto. Yeye pia bado anaogopa, ingawa hatasema.

Sasa Papa, neno la mwisho. Mkono wangu wa kuume ulivunjika mtaroni. Umefungwa kwenye vijiti, umelala hapa juu ya meza. Barua hii yote nimeiandika kwa kushoto. Najua kumpa mzazi kitu kwa mkono huo ni kosa, na nimekutumia kurasa nzima. Nisamehe, uipokee hivyo hivyo. Niliogopa kuianza, na katikati niliona mkono haujasahau kitu, ulikuwa unangoja tu.

Mwalimu akimaliza kusoma, muite Furaha. Mfungulie kamba. Usingoje chakula cha jioni, mfungulie sasa hivi, mbele ya dereva, ili aje aniambie kwamba ameona.

Ni mimi mtoto wako,
Bauma