Delia Juu ya Mkokoteni wa Mikate

Jumapili, 1 Oktoba 1911
Mimi ni mume wa mtu! Mume wa Delia Whitcomb — bado siamini. Jana mchungaji alipofika kwenye maneno ya mke kumtii mume, Delia alitikisa kichwa. Mchungaji akakohoa, akanitazama. Nikasema basi nitatii mimi. Mama mkwe alicheka mpaka akatoa leso. Ah, macho yale ya Delia!

Jumatano, 4 Oktoba
Leo Delia amehutubia akisimama juu ya mkokoteni wangu wa mikate, utepe wa njano wa wapigania kura kifuani. Jumanne wanaume wa California wataamua kama wanawake nao wapige kura. Mlevi mmoja akataka kujua nani anampikia mumewe.
"Mume wangu ni mwoka mikate, kaka. Wewe nani anakupikia?"
Watu hoi! Mimi nimeshika hatamu za farasi tu, kifua kimejaa. Laiti ningekuwa na kura. Lakini bado ni Mnorwei — nina miaka mitatu hapa, na uraia ni baada ya mitano.

Jumatano, 11 Oktoba
Magazeti yanasema tumeshindwa. Delia hakula. Nilimwokea keki, nikaila mwenyewe.

Ijumaa, 13 Oktoba
Tumeshinda! Kura za mashambani zimefika, zimepindua kila kitu. Nimemzungusha jikoni mpaka unga ukaruka. Jumatatu anataka awe wa kwanza kujiandikisha. Mke wangu, mpiga kura!

Jumatatu, 16 Oktoba
Naandika kwenye ngazi za ofisi ya mji.
Delia alikuwa wa kwanza, nyuma yake foleni ya wanawake mpaka barabarani. Karani akauliza mume amezaliwa wapi. Bergen, Norwei, akasema Delia, akanitabasamia. Karani akaweka kalamu chini. Akasema mwanamke akiolewa na mgeni asiye raia, sheria inamhesabu mgeni kama mumewe. Hana kura.
Delia, mgeni! Babu yake amezikwa mtaa wa pili tu.
Nikamwomba msamaha kwa sauti ndogo. Akanishika ukosi.
"Halvor, hukuitunga wewe sheria hii. Ila uliahidi kunitii?"
"Niliahidi."
"Basi niletee mkokoteni."
Nimeuleta. Karani amemwita askari. Delia amepanda — pete kidoleni, utepe pale pale. Mrembo kuliko siku ya harusi!
"Jamani, nilikuwa Mmarekani mpaka Jumamosi niliyoolewa."
Foleni yote imegeuka. Sasa anauliza nani mwingine ameolewa na mgeni. Mkono mmoja umeinuka. Wa pili. Askari yuko chini ya ngazi, na kule nyuma wa tatu —