Mwanamume Aliyekataa Kuondoka

3 Machi

Dada yangu kipenzi,

U hali gani huko? Mgongo umepoa, au bado unasimama kutwa nzima saluni bila hata kukalia kigoda? Sisi huku wazima, wazima mno, mpaka naona haya kusema. Shemeji yako anakusalimu. Amesimama nyuma yangu anatafuna karanga na kusoma kila ninachoandika, kwa hiyo nikimsifu ujue nimelazimishwa. (Sijalazimishwa.)

Dada, kumbe ndoa ni tamu hivi! Jana karudi kazini na grisi ya majokofu ya watu mpaka masikioni, akaniuliza, "Nikukumbatie sasa hivi au nioge kwanza?" Nikamwambia sasa hivi. Gauni langu la buluu limeharibika na sijutii.

Sasa habari yenyewe. Mswada wangu umerudi. Mhariri ameandika kwamba riwaya ina uhai, ila ni kama shamba ambalo halijapaliliwa. Nikiirekebisha vizuri nikaifikisha kwake kabla Juni haijaisha, ataisoma tena. Mara ya tatu hasomi. Nilijitupa kitandani nikalia. Shemeji yako akakaa ukingoni akasema, "Jokofu likirudishwa, fundi halii. Analifungua."

Ni rahisi kwake kusema! Kuandika kulikuwa raha. Nilikuwa naandika kwenye chumba chetu mimi na wewe, maneno yanakuja yenyewe. Kurekebisha ni kama kuosha masufuria wageni wakishaondoka.

Hadithi unaijua maana ni yako: mwanamke ambaye mumewe aliaga anakwenda kunyolewa, asirudi. Uliniruhusu mwenyewe, ukasema, "Andika, angalau nipate faida yake." Mimi nikamfanya mwanamke yule karani wa ofisi mwenye kucha ndefu, ili watu wasikutambue. Lakini hujawahi kuisoma. Nakuomba uisome. Siipeleki tena kwa mhariri mpaka useme ndiyo. Ukisema hapana, itabaki kabatini na sitanuna. Nitanuna kidogo.

Mdogo wako mwenye bahati

20 Machi

Mdogo wangu, bibi harusi usiyechuja,

Salamu zako zimefika na nimezipokea kwa mikono miwili. Mimi nipo. Mgongo nao upo, unanisumbua lakini hatujaachana. Mwambie shemeji barua yako ilikuwa ndefu na nusu yake ni yeye. Mwenzio mpaka nikaanza kuutafuta mswada ulikojificha.

Nimeupata, asante. Ila nitasomaje wakati mikono yangu iko vichwani mwa watu kutwa? Nimebuni njia. Mteja akishakaa, nampa kurasa asome kwa sauti, mimi nasuka huku nasikiliza. Na nimegundua kitu: kichwa hakidanganyi. Pakinoga, kinatulia tuli mikononi mwangu. Pakichosha, kinaanza kugeukageuka kutafuta simu. Kila kilipogeuka nimebonyeza kidole kwenye karatasi, ndiyo maana kwenye kurasa ninazokurudishia utaona alama za mafuta ya nywele. Sura ya kwanza yote inang'aa kwa mafuta. Pole.

Msomaji wa kwanza alikuwa jirani yangu muuza vitambaa, na ulimi wake unaujua. Alipofika mahali unapoueleza mwezi kwa mara nyingine akaweka karatasi mapajani: "Hebu niambie, mdogo wako anaandika riwaya au anauza mwezi?"

Usilie. Au lia, halafu kaa mezani. Wewe ndiye uliyekuwa unaniamsha kunisomea vipande vyako nikiwa nimechoka hoi. Mtu wa namna hiyo hashindwi na mhariri.

Dada yako

24 Aprili

Dada yangu, mwanga wangu,

Hujambo? Wateja hawajambo? Na yule muuza vitambaa, Mungu amzidishie ulimi, hajambo? Sisi wazima. Nimeunguza chakula kwa mara nyingine na shemeji yako kakila akisema kina "ladha ya moshi". Huyu mtu nilimpata wapi!

Dada, nimenogewa! Mwezi wa kwanza niliufuta kwa uchungu, kama nang'oa jino. Wa pili niliufuta kwa hasira. Kwa wa tatu nikajikuta nacheka peke yangu. Unajua nilikuta nini chini yake? Sentensi moja fupi: "Alifunga mlango kwa kiwiko." Basi. Ilikuwepo siku zote, imefunikwa na maneno yangu mazuri, na ilikuwa nzuri kuliko yote. Nikasimama nikazunguka meza.

Tangu siku hiyo naamka kabla ya jogoo wa jirani. Nasoma kwa sauti, nafuta, nahamisha mbele na nyuma, narudisha. Kuandika mara ya kwanza ilikuwa harusi: nguo, maua, kila mtu anapiga makofi, na humjui mtu uliyeolewa naye. Kurekebisha ndiyo ndoa. Ndipo unapojua anakoroma vipi, anaogopa nini, na unampenda zaidi. Sikuwahi kujua kwamba mtu anaweza kufurahia kusahihisha kosa lake mwenyewe.

Nakutumia nusu ya pili niliyoiandika upya. Na nina jambo la kukushangaza! Nimebadilisha mwisho. Nilikuwa na furaha sana mpaka nikaona si haki niwe nayo peke yangu. Kwa hiyo mume anarudi. Anarudi amenyolewa vizuri, anapiga magoti, wanakumbatiana mlangoni. Nimelia. Shemeji yako naye kalia, ingawa anadai alikuwa anakata kitunguu.

Mdogo wako anayekupenda kupita kiasi

11 Mei

Mdogo wangu,

Natumaini mnaendelea vizuri. Mimi naendelea.

Kurasa zilisomwa na mwalimu wa chekechea, na muuza vitambaa alikuwa kwenye benchi akisubiri zamu. Tulifika pale mume anapomletea mkewe chai kitandani na kumfunika miguu. Mwalimu akaacha kusoma.

"Huyu ndiye atakayemtoroka mkewe?"

"Ndiye," nikasema.

"Thubutu! Mwanamume wa hivi haondoki hata umfukuze kwa mwiko."

Muuza vitambaa akadakia kutoka kwenye benchi: "Na mbona wanaume wote humu wanacheka kichwa nyuma na kujipiga paja? Mwenye nyumba hivyo hivyo, polisi hivyo hivyo. Hata daktari anayeleta habari ya msiba!"

Wakacheka mpaka nikasimamisha kusuka. Nami nikacheka, maana namjua mtu mmoja tu anayecheka hivyo, na nilimwona siku ya harusi yenu. Umemwaga mumeo kwenye kitabu kizima kama chumvi.

Hilo ni la kuchekesha. Mwisho wako haukunichekesha. Sikumwacha mwalimu aumalize, nilichukua karatasi nikasema macho yake yamechoka. Sijakasirika. Haya, nimekasirika. Nilimngoja yule mtu, kisha nikaacha kumngoja, na kuacha kungoja ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Niliifanya peke yangu, wewe ukiwa umelala kitanda cha pili. Sasa umemrudisha kwa kalamu, tena amenyolewa. Kama alikuwa wa kurudi, mimi miaka yote hiyo nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa nimekaa tu?

Uliniomba jibu. Kwa mswada huu, ni hapana.

Dada yako

9 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na afya, na mgongo una huruma. Sisi wazima.

Nilikuandikia Mei, hukujibu, na nadhani najua sababu. Barua ile ilikuwa machozi na pole mwanzo mpaka mwisho. Ya nini kwako? Leo nakuletea kazi.

Nilimsomea shemeji yako maneno ya wateja wako. Alicheka kichwa nyuma akajipiga paja, kisha akajiona, akaacha. Akasema, "Mke wangu, nitoe humo. Mimi niko hapa jikoni." Dada, nilimpenda papo hapo upya! Basi nikamtoa. Nilianza na mwenye nyumba. Nikamnyang'anya kile kicheko nikakaa kumtazama: huyu bila kicheko cha mume wangu ni nani? Kumbe hacheki kabisa. Anahesabu funguo mfukoni wakati watu wanamweleza shida zao. Nilipiga kelele ya furaha, shemeji yako akaja mbio akidhani nimeona nyoka. Polisi ana mafua. Daktari anazungumza akiangalia dirisha. Kila niliyemvua nguo za mume wangu alisimama na zake mwenyewe. Sijawahi kufurahi hivi nikiwa nimekaa kitini.

Na chai kitandani nimeifuta. Yule mume sasa anakunywa chai yake amesimama, amekwisha kuvaa viatu. Ataondoka. Nimemwandikia mlango na hatarudi, nakuahidi.

Lakini nimekwama hapo hapo mlangoni. Akishaondoka, sijui mwanamke yule anafanya nini. Nimemlaza, nimemliza, nimemfanya aangushe sahani, yote ni uongo, nauona. Siku ile mimi nilikuwa shuleni. Niliporudi ulikuwa unamenya viazi. Muda wa mhariri unakwisha na ningeweza kubuni chochote nikapeleka, ila sitaki. Nitakaa hapa mpaka ipatikane sentensi ya kweli.

Kwa hiyo nauliza, na ukinyamaza nitaelewa: siku ile, ulipojua, mikono yako ilifanya nini?

Mdogo wako

15 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Mgongo haujambo. Naituma hii kwa basi la asubuhi ili isichelewe.

Watu wote huniuliza moyo wangu ulifanya nini. Hakuna aliyewahi kuulizia mikono. Nimefikiria siku nzima, halafu nikaona sina sababu ya kukunyima.

Alipoaga kwamba anakwenda kunyolewa, nilikuwa na kichwa cha mteja mikononi, nusu kimesukwa. Jua lilipopanda, kinyozi wa upande wa pili wa barabara alipita kuomba chenji. Nikamtania, "Umemnyoa mume wangu vizuri, au umemharibu?" Akasema, "Mumeo? Mbona nimemwona stendi na sanduku?" Kisha akauona uso wangu, akaondoka bila chenji.

Mteja alikuwa amesinzia, hakusikia. Nikarudi kichwani. Ningefanya nini? Huwezi kumwachia mtu nusu kichwa. Nikagawa nywele, nikapaka mafuta, nikasuka mpaka mwisho. Mistari ilinyooka kuliko siku zote. Alipoamka akajitazama kwenye kioo akasema, "Leo una mkono mzuri!" Nikamwambia asante, karibu tena. Ndipo nikaenda nyuma kunawa, na niliporudi kulikuwa na mteja mwingine ameshakaa.

Sikulia siku ile, kwa hiyo usiniwekee machozi. Nililia baadaye, kwa mambo mengine kabisa, na hayo hayakuhusu.

Na huyo karani wako mkate kucha. Mfanye msusi. Mume wa msusi kuaga anakwenda kunyolewa kwa mtu mwingine, nadhani hata yeye alitaka kuchekesha. Wanitambue wakitaka.

Dada yako

20 Juni

Dada, dada yangu,

Hujambo? Mimi sijui kama sijambo, nimekuwa naruka tangu juzi.

Nimemkata kucha! Nimemwondoa ofisini, nimempa kioo, benchi na kitana. Ilibidi nirudi mpaka ukurasa wa kwanza, kila sura, kila kiti alichokalia. Mtu mwingine angesema ni adhabu. Mimi nilikuwa nagombana na jua lisizame. Kila nilipobadilisha kitu kimoja, kingine mbele kikaniita, "Na mimi je?" Vidole vina wino, shingo imekakamaa, na shemeji yako sasa ndiye anayepika. Anapika vibaya! Nampenda.

Tukio lile nimeliandika kama ulivyolisema. Mara ya kwanza niliongeza chozi moja dogo. Nikalifuta. Nikaongeza upepo mlangoni, nikaufuta. Kila nilipofuta, mwanamke alizidi kunyooka mgongo. Mwisho nikabaki na mikono yake tu, nikajua nimefika.

Nasikitika kwamba kazi imekwisha, Dada. Ungeniambia hivyo Machi ningekuona umechanganyikiwa.

Ninayokutumia ni sura hiyo pekee. Mswada mzima upo mezani, umefungwa kwa kamba. Ofisi ya mhariri ni mwendo wa miguu kutoka hapa, lakini sitoki mlangoni bila neno lako.

Mdogo wako

25 Juni

Mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa mpishi wako mpya. Kipeleke kitabu. Nimeanza na hilo ili usisome yaliyobaki umesimama.

Jana nilimpa mwalimu kurasa zako. Muuza vitambaa alikuwepo, na wawili wengine wanaosubiri. Katika ukurasa wa pili umeandika "ghafla" kila mahali, toa. Kinyozi alikuwa mnene zaidi. Mengine sina la kusema.

Mwalimu alipofika kwenye sanduku, kichwa chake kilitulia mpaka nikadhani amelala, ila sauti iliendelea. Hakuacha kusoma mpaka yule mteja aliposema mkono ni mzuri. Muuza vitambaa, ambaye hanyamazi hata akiumwa jino, aliinuka akazima feni ili asikie vizuri, akarudi kwenye benchi. Mwisho akauliza, "Huyu mwanamke yupo kweli, au katungwa tu?"

Miaka yote hiyo, mdogo wangu, pale saluni nimekuwa nikisema mume wangu anafanya kazi mbali.

Nikamwambia, "Ni mimi."

Hakuna aliyenipa pole, namshukuru Mungu. Muuza vitambaa akasogea akanipa nafasi kwenye benchi, kama mimi ndiye mgeni. Sikukaa. Nilimwambia mwalimu ainamishe kichwa, tuendelee.

Dada yako