Jicho Nililomwekea Chongo

Mpendwa Mshauri, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo, maana baada ya hapo hata ukinijibu itakuwa kazi bure. Mimi nina studio ndogo ya picha za pasipoti, mwaka wa tisa huu, kutwa nawaambia watu inua kidevu, usicheke, tayari, na wanatoka wamependeza kuliko walivyoingia. Mama yangu anafuga samaki wa dhahabu, tunamwita Chongo kwa sababu jicho lake la kulia lilipotea akiwa mdogo, marehemu baba alimleta kwenye mfuko wa plastiki miaka kumi na moja iliyopita, tukacheka kwamba hamalizi wiki, na leo baba katutangulia, yeye yupo anaogelea. Sasa Jumamosi hiyo mama anahamia kwa kaka yangu kwa kuwa jicho lake la kushoto limeingia ukungu na hawezi tena kukaa peke yake, na kule hakuna pa kuweka tangi, kwa hiyo Chongo anapelekwa na tangi lake kwa daktari wa meno, akae chumba cha wagonjwa kungojea. Mama ameniomba kitu kimoja tu, picha kubwa ya Chongo ya kutundika ukutani.

Nilidhani ni kazi ya dakika tano. Nikabeba taa zangu mbili, nikazisimamisha mbele ya tangi, nikatandaza kitambaa cheupe nyuma, nikapiga, nikapata madoa mawili meupe na mimi mwenyewe nimechuchumaa kwenye kioo. Chongo akajificha nyuma ya jiwe siku mbili bila kula, mama akanuna. Nikaazima kwa mpiga picha wa harusi kamera yenye lenzi ndefu kama mkono, nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa friji, na friji nayo ikatokea kwenye picha! Katika picha mia nne, moja tu ilitoka safi, kila gamba linaonekana, ila ilikuwa ya upande wa jicho bovu, na hapo ndipo nilipoharibu. Ni mkono uliozoea, Mshauri, mteja akija na chunusi naiondoa hata hajaniomba. Nikatoa jicho zima kwenye picha nyingine nikamwekea, nikahifadhi juu ya ile ya kwanza, nikaichapa, nikaitia fremu. Mama akaisogeza karibu na uso, akapitisha kidole, akauliza, "Mwanangu, huyu nani?" Nikasema si ndiye Chongo huyo, mama. Akasema, "Chongo namjua. Huyu mrudishe ulikomtoa."

Tangu siku hiyo fremu imegeuzwa ukutani, na nikishika kamera naambiwa, "Mwache mwenzio apumzike." Kaka anasema ninunue kamera ya maana, na kweli nimeona lenzi ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, nimebakiza kidogo tu niichukue. Mama hahami bila picha yake, hilo nimeapa. Ninunue kamera gani, na nimwambie nini anipe nafasi nyingine?

Binti wa Studio

*

Binti wa Studio, pole sana, na shika adabu yako. Nimecheka mpaka chai ikanipalia: umempiga samaki picha ya pasipoti! Kisha nikaisoma barua yako mara ya pili, na kicheko kikakata.

Tuanze na kamera, maana ndiko ulikojificha. Usinunue chochote. Lenzi ya watu irudishe leo, hiyo inataka usimame mbali, na ukisimama mbali unapiga kioo na nyumba nzima iliyomo. Nimemuuliza fundi kamera wa mtaani kwetu, akasema kamera yako ya studio inatosha na kusaza. Tangi lifute ndani na nje siku moja kabla, maji yapate kutulia. Funga mapazia, zima taa zote, ubakize moja yenye nguvu juu ya tangi, imulike chini majini. Vaa nguo nyeusi. Lenzi isogeze karibu kabisa na kioo, iwe sawa nacho, ukiipinda picha itatoka na ukungu. Kasi ya kamera iwe kubwa, maana Chongo hatakungoja. Na usimfukuze! Lenga sehemu moja anayopita, utulie hapo mpaka aje.

Sasa nikuambie lililonikatisha kicheko. Umeandika mwenyewe, tena kwa kupita tu, kwamba jicho la mama limeingia ukungu. Halafu ukamletea rafiki yake wa miaka kumi na moja akiwa amerekebishwa jicho. Ulitaka mama yako aelewe nini, dada? Kwamba kitu kizee chenye kasoro binti yake hawezi kukitazama kilivyo? Najua hukukusudia. Lakini yeye ameumia, na lenzi mpya haitibu hilo.

Kwa hiyo kesho nenda mikono mitupu. Fremu igeuze wewe mwenyewe, picha uitoe mbele yake, umwambie, "Mama, nilimfuta Chongo, nimekosa." Usijitetee, na habari za mkono kuzoea ziache studio. Kisha umwombe kazi, siyo ruhusa. Yeye ndiye anayejua Chongo anapita wapi na saa ngapi.

Tangi lisogezeni mbali na ukuta. Wewe kaa upande huu, mama akae upande wa pili na chakula cha Chongo mkononi. Samaki wa jicho moja humgeukia anayemlisha kwa jicho linaloona, kwa hiyo upande wa jicho bovu utakuwa kwako. Kitambaa usiweke, cheupe wala cheusi. Mwekee mama taa ndogo ubavuni, na tundu la lenzi ulipunguze ili wote wawili waonekane vizuri. Samaki akipita mbele na uso wa mama ukiwa nyuma yake, kila mmoja na jicho lake, bonyeza. Kisha ipeleke ikachapwe vilevile ilivyo, na kompyuta yako usiiwashe kabisa.