Basi la Momela limemwacha Anande

Mama Anande,

Maharage yameiva, yaunge tu. Picha iliyo nyuma ya kalenda ya kanisa usiishike, mkaa bado unatoka.

~~Basi la shule halikufika, nyati alilala barabarani pale kijijini Maji ya Chai akagoma kuamka.~~

Hapana. Basi lilifika. Ulipotoka kwenda sokoni uliniachia kazi moja: nimwamshe Anande aende Momela na wenzake kuona twiga. Nilimkuta amelala, viatu vipya amevikumbatia kifuani. Nikaokota kipande cha mkaa jikoni, nimchore kidogo tu nyuma ya kalenda. Honi ikalia nikiwa kwenye kope. Nikasema moyoni, dereva atasubiri. Hakusubiri.

Mdomo sikuumaliza, maana aliamka anatabasamu: "Babu, wamefika?" Nikamwambia safari imeahirishwa. Mimi, ninayemkanya kila siku asiseme uongo!

Nimempeleka Momela mwenyewe. Sweta nimebeba. Ukweli nitamwambia njiani, kabla hajaona twiga hata mmoja. Nikingoja amwone kwanza, itakuwa hongo.

Akirudi amenuna, usimgombeze. Nigombeze mimi.

Babu