Sahani ya Tinga

Bombolulu,
Januari 9.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Bwana asifiwe. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti limekupa nafasi baada ya pilikapilika za sikukuu. Mimi mwili mzima, mengine utayasikia. Nimempa Vivian akusomee, kwa kuwa ni jirani na macho yako siku hizi hayakuruhusu. Vivian dada yangu, soma yote. Ukifika penye aibu usiruke, na ukimaliza usiyapeleke kwa wenzako wa kwaya.

Mweri alinipigia jana kutoka Malindi, analia. Kasema siku yako ya kupasuliwa jicho huko kwake ni tarehe ishirini, nafasi imepatikana kwa taabu, nawe umekataa katakata kutoka Likoni. Eti Tinga ameanza kurudi, na hutaki kaka yetu akute nyumba imefungwa. Eti mlango wa uani hufungi tena, na kila siku unampakulia. Akaniuliza mimi, maana mimi ndiye niliyekuwa nawe Krismasi. Nikamwambia simu inakatika. Haikuwa inakatika, mama.

Nianze na yangu. Mume wangu Mutua aliondoka Novemba. Alikunja nguo zake taratibu, akaniachia jiko na godoro, akasema tusidanganyane. Wewe nilikwambia ana zamu nyingi bandarini, na kila ulipomuulizia nikamwongezea zamu nyingine. Tangu siku ile nikawa nakula. Sisemi kula kwa njaa, njaa naijua, umetulea nayo. Asubuhi nanunua mahamri matano na mbaazi kwa Gladys hapa nje, na kabla ya saa nne nimerudi kwa mengine, najidai nina mgeni. Jioni viazi karai, nakula nimesimama nyuma ya mlango, machozi yanashuka na mkono hauachi. Nikikaa bila kutafuna nakisikia kile chumba kilivyo kimya. Na Desemba ndiyo mbaya zaidi, maana kila unapopita unaambiwa kula, ni sikukuu, na hakuna wa kukuona kuwa unaumwa. Nilipofika kwako ulinishika mkono ukacheka, ukasema nimenona, kumbe Mutua anajua kulisha. Nikacheka nawe.

Siku yenyewe ya Krismasi waijua. Ulimchinja yule jogoo mwekundu, ukapika wali wa nazi, na kabla mtu hajaonja ukampakulia Tinga, paja na shingo, ukafunika kwa kawa ukaweka juu ya meza ya jikoni. Mwaka wa nne huu unafanya hivyo, na jioni humpa mpita njia wa kwanza. Hatujawahi kuuliza kwa nini. Lakini mimi nilikuwepo siku ile ulipomwambia, kwa hasira za yale mabati yako aliyoyauza, asile tena chakula chako maisha yake yote. Aliiacha sahani nusu, akatoka, na hatujamsikia tena. Najua neno lile limekula moyo wako kuliko mabati.

Mchana mkaenda kanisani, wewe na Vivian, mimi nikabaki kuosha vyombo. Mliporudi hukuvua hata viatu. Ukafunua kawa, ukapitisha vidole juu ya sahani, ukakuta wali umekwisha na mifupa imevunjwa na kufyonzwa uboho wote. Ukasema nyumba hii hakuna alaye mifupa hivi ila Tinga. Ukaniuliza kama nimeona mtu, nikasema nilisikia mlango wa uani. Hapo ndipo ulipopiga magoti sakafuni na goti lako hilo bovu, ukisema amekula, mwanangu amekula chakula changu, amenisamehe. Majirani wakajaa. Vivian, hata wewe ulipiga vigelegele.

Mama, sahani ile niliila mimi.

Nilikuwa nimeshakula mara mbili. Mlipoondoka nyumba ikanyamaza, nikamwona Mutua tena akikunja mashati, nikafunua kawa nitazame tu. Mifupa niliivunja kama Tinga alivyonifundisha tulipokuwa wadogo. Nilipokuja kutanabahi sahani ilikuwa tupu, nikaifunika tena kwa kawa. Na mlango wa uani haukulia, mama. Nilisema vile kwa kuogopa kuonekana mlafi. Basi! Kwa jambo dogo hivyo nikakupa msamaha ambao haukuwa wangu kuutoa. Huku kula kwangu nitakutafutia dawa. Hili la kukudanganya sijui dawa yake.

Nimekuja hadi feri mara mbili nikwambie kwa mdomo. Watu wakafunguliwa lango, wakapanda wote, mimi nikageuka nikanunua bajia. Ndivyo nilivyo siku hizi. Nisamehe.

Tinga yuko wapi sijui. Kama amekusamehe, sijui pia, na sitathubutu tena kumsemea. Ninachojua ni kwamba akija nataka umwone uso, si kupapasa mifupa ya sahani yake. Nenda kwa Mweri ukapasuliwe. Nitakaa mimi hapo nyumbani mpaka urudi, nyumba haitafungwa hata siku moja, na ukitaka sahani yake iwekwe nitaiweka. Najua, najua, ni fisi kukabidhiwa bucha. Lakini huyu fisi amejisema mwenyewe.

Jumamosi nitavuka, safari hii kweli. Ukinifukuza nitakuwa nimestahili. Usiponifukuza, tafadhali usinipakulie peke yangu. Tule sinia moja, mikono yetu ikutane, nikizidisha unishike.

Nisalimie majirani, nao uwaambie ukweli, au nitawaambia mimi. Vivian, asante kwa macho yako. Mungu akulaze salama, mama.

Na mlango wa uani ufunge. Tinga akija, atabisha.

Ni mimi mwanao,
Kahaso