Baba Ottavio, Mikebe Yako Haikuchomwa

Mwaka umetimia, Baba, tangu ututoke pale nyumbani Gungu, na tunayo habari ya kukuambia ambayo hutaipenda.

Tunaukumbuka upole wako. Ulimwamkia kila mtu shikamoo, hata watoto wa shule, na kukurekebisha tulishindwa. Tunaikumbuka kamera yako harusini. Kule Kidahwe maharusi wakivishana pete, wewe ulikuwa nyuma ya nyumba, unapiga picha mikono ya wapishi. Dismasi, bwana harusi yule, alikudai pete zake kwenye mkanda miaka mitatu.

Ya zamani ulitusimulia kwa vipande. Ulianza huko kwenu Torino na sinema zisizo na hadithi: ukuta, mvua, uso wa mtu saa nzima, na watazamaji wakatoka ukumbini mmoja mmoja. Ukageukia za watu walio uchi, kumbi zikajaa, mahakama nayo ikakuita mara mbili. Ukaja ziwani kupiga picha wavuvi, ukamwona Mama akianika dagaa ufukweni Katonga. Hukurudi kwenu tena.

Lakini ukiwa kitandani ulimwapisha Mama mbele ya Mjomba Telesphory: ukishazikwa, mikebe yote kumi na mmoja ya filamu zako ichomwe. Uliogopa wajukuu wasije wakakuonea aibu. Mama aliapa, na kiapo kile kikamnyima raha mwaka mzima. Alikuwa akifagia anaizunguka mikebe, haigusi.

Jumamosi iliyopita Mjomba alikuja na dumu la petroli. Mama akamwambia, "Kaka, siwezi kuchoma nisichokijua." Mchana kweupe akaziba madirisha kwa vitenge, akamwita Esther, mmoja wetu, awashe ile mashine yako ya kuonyeshea filamu, akafunga mlango. Mjomba akawa anagonga nje: "Veneranda, uliapa mbele ya mtu anayekufa!"

Hatukufichi, Baba, kwenye mikanda yapo yaliyomfanya Mama afunike uso. Alikasirika, akakusema kwa Kiha maneno ambayo hatuyaandiki hapa. Kisha akatokea mwanamke anayechana nywele, hana nguo, hana haraka, wala hakuna anayemgusa. Mama akashusha mikono usoni, akatazama mpaka mkanda ukaisha. "Hivi ndivyo alivyokuwa akinitazama mimi," akasema.

Akatoka, akalichukua dumu mkononi mwa kaka yake. "Kiapo nilikula mimi. Kama kuna dhambi, ni yangu." Jumanne mikebe ilipanda ndege kwenda Torino, kwa watunza filamu wa huko waliokuwa wakituandikia barua kuiomba. Tangu siku hiyo anaogopa kwamba amekukosea.

Unakumbukwa na mkeo Veneranda, na sisi wanao Esther na Wilfred. Mjomba Telesphory amekataza jina lake lisiandikwe. Mama amesema liandikwe, kwa sababu naye anakulilia.

Unakumbukwa pia na mjukuu wako Agnesi. Tumemweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sasa Babu alikuwa anatuogopa nini?"

Tumekuasi, Baba. Kukusahau ndiko hatutaweza, siku zote za maisha yetu.