Kozi ya Mirathi

Nachingwea, Jumapili

Isipokuwa moja. Kozi zote nilizosoma chuo cha kwanza wamekubali kuzihamishia kwenye masters yangu ya sheria, ila Mirathi. Eti mtaala haufanani. Niianze upya.

Kwa nini iwe hiyo hiyo?

Mtihani ule niliufanya mama yu hai. Swali lilihusu mjane aliyepanda mikorosho kwenye shamba la mumewe. Mume akafa, ndugu zake wakaichukua. Sikuhitaji kitabu. Kila nikipiga simu mama alikuwa akisema, "Mti ni wa aliyeupanda, mwanangu. Ukimaliza masomo, uje uwaambie baba zako wadogo."

Amekufa sijamaliza. Na sasa narudishwa kwenye swali lile lile.

Leo nilikwenda Matambarale kumsalimia baba mdogo. Alifurahi kweli. "Mwanasheria wetu huyo!" Akanifungia korosho za kuchoma, bado za moto. "Za miti ya marehemu mama yako hizi. Miti ile haina uvivu, kila msimu inazaa."

Nikashukuru. Nikazila zote njiani, maana nilikuwa na njaa.

Nimesukutua, nimepiga mswaki. Utamu hautoki mdomoni.